CHUMA KISICHOONEKANA KWA MACHO: URITHI WA MADINI KATIKA MAHARAGWE YA IBANDA

MWENYE macho haambiwi tazama. Usemi huo wa wahenga unamfaa sana mkulima wa maharagwe wa Ibanda, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Kila msimu, kabla mvua hazijaanza kunyesha, huketi kivulini akiwa na ungo mapajani na kuchagua mbegu. Punje zilizotobolewa na wadudu huzitupa. Zilizosinyaa huzitia chunguni. Na zile nene, zenye ngozi laini na rangi ya kupendeza, huziweka akiba zipate kupandwa. Mkulima huyu, ambaye mara nyingi ni mama mwenye watoto, alifundishwa kazi hiyo na mama yake, naye humfundisha binti yake. Macho hayo yamelinda mbegu za milimani kwa vizazi vingi.

Hata hivyo, lipo jambo moja ndani ya punje ambalo macho hayawezi kuliona, wala ulimi hauwezi kulionja. Jambo hilo ni kiasi cha madini ya chuma na zinki yaliyomo. Aina mbili za maharagwe zaweza kufanana kwa rangi na kwa ukubwa, zikapandwa katika shamba moja na kunyeshewa na mvua moja, na bado aina moja ikawa na chuma kingi zaidi sana kuliko nyingine. Tofauti hiyo si bahati, wala si uchawi. Ni urithi, kama vile rangi ya ngozi na urefu wa mti wa maharagwe ulivyo urithi.

Makala haya yanakusudia kueleza urithi huo unavyofanya kazi, wataalamu wamegundua nini, na kwa nini jambo lililochunguzwa katika maabara za mbali linamhusu mama yule mwenye ungo mapajani.

CHAKULA CHA KILA SIKU

Ibanda ipo chini ya milima ya Ruwenzori, katika bonde la mto Mubuku, kwenye njia iendayo Nyakalengija ambako wageni wapandao milima hiyo huanzia safari yao. Wenyeji wengi ni Wakonzo, na ndugu zao Wanande wako ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Mtu akishuka kutoka Ibanda mpaka mji wa Kasese, kisha akafuata barabara ya kusini-magharibi, atafika Bwera, na mbele yake Mpondwe, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka. Upande wa pili ni Kasindi na njia ya kwendea Beni na Butembo. Katika njia hiyo yote, maharagwe hupita kwa magunia, kwa madebe na kwa vikapu.

Katika nyumba nyingi za sehemu hizi, bundu la muhogo au ndizi za kupika huliwa pamoja na maharagwe. Nyama ni ya sikukuu. Samaki wa ziwa Edward na ziwa George ni wa siku ambayo fedha zipo. Lakini maharagwe ni ya kila siku. Kwa hiyo, mtoto wa mkulima akipata chuma cha kujenga damu yake, sehemu kubwa ya chuma hicho haina budi kutoka katika chungu cha maharagwe.

Chuma ndicho kitengenezacho ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kikipungua, mtu huchoka upesi, mwanafunzi hushindwa kufuata masomo, na mama mjamzito huingia katika hatari wakati wa kujifungua. Zinki nayo husaidia mtoto kukua na mwili kupambana na maradhi. Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 53 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa katika hali hiyo hiyo. Ni kweli kwamba malaria, minyoo na magonjwa ya damu ya kurithi yana sehemu yao katika hesabu hiyo. Lakini chakula chenye chuma kidogo nacho kina sehemu yake, na sehemu hiyo yaweza kurekebishwa shambani.

MGENI KUTOKA NG'AMBO YA BAHARI

Maharagwe tunayoyaita yetu asili yake ni Amerika. Huko watu wa kale waliyafuga kutoka porini, kwa njia ya kusema, si mara moja bali mara mbili: mara moja katika nchi za Meksiko na Amerika ya Kati, na mara ya pili katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kwa sababu hiyo yapo maharagwe ya koo mbili. Ukoo wa Amerika ya Kati kwa kawaida una punje ndogo. Ukoo wa Andes una punje kubwa, nyingi zikiwa na madoadoa. Wareno ndio wanaotajwa kuwa waliyaleta Afrika tangu karne ya 16. Katika nyanda za juu za maziwa makuu, koo hizo mbili zilikutana, zikapandwa pamoja, na wakulima wakajipatia mchanganyiko wa mbegu usio na idadi.

Mchanganyiko huo una hekima yake. Mvua ikizidi, aina hii huoza na ile husimama. Jua likizidi, mambo hugeuka. Mkulima anayepanda aina nyingi hawezi kukosa zote. Lakini katika ungo wa mchanganyiko, punje zenye chuma kingi na punje zenye chuma kidogo hulala ubavu kwa ubavu, na hakuna ajuaye ipi ni ipi.

MTU ALIYEPIMA MAHARAGWE

Yafaa hapa tumkumbuke mtu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana, ingawa neno alilolitunga limeenea duniani kote. Wilhelm Johannsen alikuwa mtaalamu wa mimea wa nchi ya Denmark. Alinunua maharagwe ya kawaida, akayapima punje moja moja kwa mizani, akayapanda, kisha akawapima watoto wao na wajukuu wao. Mwaka 1903 alitangaza aliyoyaona.

Aliona kwamba katika maharagwe yaliyochanganyika, mtu akichagua punje kubwa za kupanda, mavuno yafuatayo huwa na punje kubwa zaidi. Lakini akichukua watoto wa mti mmoja tu, waliojizaa wenyewe kwa vizazi, kuchagua hakusaidii kitu. Punje kubwa na punje ndogo za mti huo huzaa watoto walio sawa. Ukubwa ule haukuwa wa urithi. Ulitokana na mahali punje ilipokaa katika ganda, rutuba ya udongo na maji yaliyopatikana.

Kwa njia hiyo Johannsen alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kile mmea ulichorithi, na kile mmea unachoonekana kuwa. Mwaka 1909 aliipa jina ile chembe inayobeba urithi. Aliiita jeni. Hivyo basi, neno hilo ambalo leo linatajwa katika hospitali na mahakama lilianzia, kwa sehemu kubwa, katika mizani ya kupimia maharagwe.

Somo lake linamgusa mkulima wa Ibanda moja kwa moja. Anapochagua punje nene katika mbegu zilizochanganyika, anafanya kazi mbili bila kujua. Kwanza, anachagua punje zilizobahatika kupata udongo mzuri, na bahati hiyo hairithiwi. Pili, anachagua aina fulani na kuziacha nyingine, na jambo hili hurithiwa. Baada ya misimu kadhaa ungo wake umebadilika. Kama aina alizoziacha ndizo zilizokuwa na chuma kingi, ameipunguza damu ya watoto wake kwa jicho lile lile alilolitumia kuwatunza.

JINSI CHUMA KINAVYOPANDA

Watu wengi hudhani kwamba mmea wenye chuma kidogo umeota katika udongo wenye chuma kidogo. Sivyo. Udongo mwekundu wa Afrika ya Mashariki umejaa chuma. Wekundu wake ndio chuma chenyewe. Shida ni kwamba chuma hicho kimo katika hali ya kutu, nacho hakiyeyuki kwa urahisi. Mmea wa maharagwe unapokihitaji, mizizi yake hutoa uchachu unaoyeyusha udongo kidogo, kisha hukigeuza chuma kikawa katika hali inayoweza kupita, na hatimaye hukiingiza kupitia milango maalumu. Kutoka hapo chuma husafirishwa kwa wabebaji mpaka kwenye majani, na kutoka majani mpaka kwenye punje zinazojaa ndani ya ganda.

Kila hatua ya safari hiyo ina chembe zake za urithi. Ipo inayoongoza uchachu, ipo inayojenga mlango, ipo inayomtuma mbebaji. Ndiyo sababu chuma hakirithiwi kama rangi ya ua, ambapo chembe moja yaweza kuamua kama ua litakuwa jeupe au la zambarau. Chuma hutegemea chembe nyingi, na kila moja huongeza au hupunguza kidogo.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, CIAT, kilichopo Palmira nchini Colombia, kina hazina kubwa kuliko zote duniani ya mbegu za maharagwe. Wataalamu wake, wakiongozwa na Steve Beebe, walipima aina zaidi ya 1,000 kutoka katika hazina hiyo, na mwaka 2000 walitangaza matokeo. Aina yenye chuma kidogo kabisa ilikuwa na miligramu 34 katika kila kilo. Yenye chuma kingi ilikuwa na 89. Na wastani ulikuwa 55. Zinki nayo ilikuwa kati ya miligramu 21 na 54. Kwa maneno mengine, chuma kingi kilikuwapo tayari katika baadhi ya mbegu za mababu. Kazi iliyobaki ilikuwa kukihamisha mpaka katika maharagwe ambayo watu wanapenda kuyapanda na kuyala.

Ili kujua chembe hizo zimekaa wapi, Matthew Blair na wenzake walizalisha haragwe dogo la Amerika ya Kati pamoja na haragwe kubwa la Andes, wakapata koo 87 za watoto, na kuzilinganisha. Mwaka 2009 walieleza kwamba sehemu muhimu ilikuwa katika kromosomu ya 11, ambayo ni moja ya jozi 11 alizonazo haragwe. Mzazi yule wa Andes ndiye aliyechaguliwa baadaye wakati wataalamu waliposoma maandiko yote ya urithi wa maharagwe, kazi iliyotangazwa mwaka 2014 na kuonyesha chembe za urithi zaidi ya 27,000. Mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wa jamii saba za maharagwe yalikusanywa pamoja. Yakaonekana maeneo 12 yanayohusika na madini haya, na katika hayo, manane yaliongoza chuma na zinki kwa pamoja.

Hiyo ni habari njema kwa mzalishaji wa mbegu. Maana yake ni kwamba anapoinua chuma, mara nyingi zinki nayo huinuka. Hahitaji kufanya kazi hiyo mara mbili.

VUMBI LA UWANJANI NA SHABA YA KILEMBE

Kupima chuma katika punje si kazi nyepesi. Katika maabara, punje husagwa na unga wake kuchunguzwa, au hupigwa miale ya eksirei inayotambua kila aina ya madini. Lakini maharagwe hupurwa uwanjani, juu ya udongo mwekundu, na chembe kidogo tu ya vumbi iliyoganda katika ngozi ya punje yaweza kuifanya ionekane kuwa na chuma kingi. Kwa hiyo wataalamu hutazama pia alumini. Madini hayo yamejaa katika udongo lakini ni machache sana ndani ya punje. Yakionekana kwa wingi, hujulikana kwamba kilichopimwa ni vumbi.

Jambo hili lina maana ya pekee katika Kasese, wilaya iliyojulikana kwa madini. Si mbali na Ibanda, katika bonde la mto Nyamwamba, upo mgodi wa Kilembe, ulioanza kutoa shaba mwaka 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki ya mgodi yaliachwa kando ya mto, na mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalitikisa bonde zima. Mtu aweza kuuliza: je, udongo wenye madini mengi hivyo hautatupa maharagwe yenye madini mengi?

Jibu ni kwamba tusichanganye madini ya mgodi na madini ya lishe. Wachunguzi waliopima udongo na vyakula vya Kilembe wamekuta shaba na kobalti kupita kiasi cha kawaida katika baadhi ya sehemu. Wingi huo si lishe. Ni hatari ya kuangaliwa. Chuma chenye faida ni kile ambacho mmea wenyewe, kwa urithi wake, umekichagua, umekipima na kukiweka ndani ya punje. Udongo mzuri na mbolea humsaidia mmea kufanya kazi hiyo, lakini havimpi uwezo ambao hakurithi.

KUFULI NDANI YA PUNJE

Sasa tufikie sehemu iliyo ngumu zaidi. Chuma kuwamo katika punje ni jambo moja. Chuma kuingia katika damu ni jambo jingine. Haragwe huweka akiba ya fosforasi kwa ajili ya mche utakaoota, na akiba hiyo huitwa fitati. Ndani ya tumbo la mlaji, fitati hukishika chuma na kukizuia kisipite. Tanini zilizomo katika ngozi ya maharagwe mekundu na meusi nazo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana sehemu ndogo tu ya chuma cha maharagwe humfaa mlaji.

Wataalamu walijaribu kuivunja kufuli hiyo kwa njia ya urithi. Nchini Italia lilipatikana haragwe ambalo, kwa sababu ya badiliko katika chembe moja, lilikuwa na fitati kidogo sana. Watu walifurahi. Lakini maharagwe ya namna hiyo yalipojaribiwa kwa wanawake wa Rwanda, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, yaliwasumbua walaji tumbo, na kiasi cha chuma walichokipata kilikuwa sawa tu na kile cha maharagwe ya kawaida yaliyozalishwa kwa ajili ya chuma kingi. Hapa tunajifunza kwamba kiumbe si saa ya ukutani, ambayo fundi aweza kutoa gurudumu moja na kutia jingine. Chembe moja ina kazi nyingi.

Uganda nayo imetoa mchango wake katika jambo hili. Dennis Katuuramu pamoja na wenzake, akiwamo Stanley Nkalubo wa kituo cha Namulonge, walipanda aina 15 za maharagwe katika mashamba tisa ya wakulima wa Uganda kwa miaka miwili. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2021, yanaonyesha kwamba kiasi cha chuma katika punje hubadilika kutoka shamba hadi shamba, lakini uwezo wa punje wa kukiachia chuma hicho hutegemea sana aina yenyewe ya mbegu. Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu hana budi kuuliza maswali mawili, siyo moja: chuma ni kiasi gani, na mlaji atapata kiasi gani?

JE, INAFAA?

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kama juhudi zote hizi zina faida ya kweli. Tufanye hesabu ndogo. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji mwili wake upokee kiasi cha miligramu moja na nusu ya chuma kila siku. Tuseme anakula gramu 200 za maharagwe, yaliyopimwa yakiwa makavu, na mwili wake hupokea sehemu tano katika kila mia za chuma kilichomo. Maharagwe yenye miligramu 50 kwa kilo yatampa nusu miligramu. Yenye miligramu 90 yatampa karibu miligramu moja. Katika hali ya kwanza amepata theluthi moja ya haja yake. Katika hali ya pili amepata zaidi ya nusu, bila kuongeza sahani wala kutumia senti.

Hesabu ya karatasini ilipimwa kwa watu halisi mwaka 2013. Katika mji wa Huye, nchini Rwanda, wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilikula maharagwe yenye miligramu 86 kwa kilo, na jingine maharagwe yenye miligramu 50. Baada ya siku 128, kundi la kwanza lilikuwa limeongeza damu kuliko la pili. Tofauti haikuwa kubwa ya kushangaza, lakini ilikuwa ya kweli, na ilitokana na chakula ambacho wangekila kwa vyovyote vile.

Nchini Uganda, Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo lilitoa mwaka 2016 aina tano za maharagwe yenye chuma na zinki kwa wingi, ziitwazo NAROBEAN, tangu namba 1 hadi 5. Mbili za mwisho, zenye alama ya C, ni za kutambaa juu ya miti, nazo humfaa mkulima wa milimani mwenye kipande kidogo cha ardhi. Aina hizi hazikutengenezwa kwa kupandikiza chembe za kigeni. Zilipatikana kwa njia ya zamani ya kuzalisha mzazi huyu na yule, na kuchagua watoto kwa miaka mingi.

SOKONI BWERA

Kama mbegu ipo, shida ni nini basi? Shida inaonekana siku ya soko. Mnunuzi wa Bwera huinama juu ya gunia, huchota punje kiganjani na kuuliza: "Mama, haya yanaiva upesi?" Huuliza kama yamekauka, kama ni ya msimu huu, kama mchuzi wake ni mzito. Maswali hayo yote ni ya haki, maana kuni ni ghali na chungu cha maharagwe hukaa motoni kwa saa nyingi. Lakini hakuna aulizaye kuhusu chuma, kwa kuwa hakuna awezaye kujibu. Maharagwe yenye chuma kingi na yenye chuma kidogo huuzwa kwa bei moja, humiminwa katika gunia moja, na huvuka mpaka katika lori moja. Mkulima akiishiwa mbegu, hurudi soko lile lile na kununua mchanganyiko.

Wauzaji wa mbegu nao wana sababu yao ya kusitasita. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunuka, na kwa hiyo watoto hufanana na mzazi. Mkulima akinunua mbegu safi mara moja, anaweza kuitunza kwa misimu mingi bila kurudi dukani. Jambo hilo ni neema kwake, lakini halimvutii mfanyabiashara. Hivyo kazi ya kupeleka mbegu hizi mpaka vilimani huangukia vituo vya utafiti, mabwana shamba na vikundi vya wakulima wenyewe.

Tabia hiyo hiyo ya ua inatupa tumaini. Urithi wa chuma haupotei katika ua. Hupotea katika kikapu. Haupotezwi na maumbile, bali na mikono inayochanganya na vinywa vinavyosahau jina. Kwa kuwa jicho halioni chuma, jina la mbegu ndilo jicho la pekee alilo nalo mkulima. Mbegu ikipoteza jina lake, imepoteza nusu ya thamani yake, hata kama punje zote zingalipo.

LA KUFANYA

Kwa hiyo yafaa mkulima anayepata mbegu yenye chuma aipande katika sehemu yake peke yake, aivune peke yake, na kuiweka katika chombo chenye jina. Hatuna maana kwamba aache mchanganyiko wake wa zamani, ambao ni bima yake dhidi ya mvua na jua. Shamba lina nafasi ya yote mawili. Yafaa pia atenge chakula cha watoto kabla ya kupeleka gunia sokoni, kwa kuwa soko halilipi senti moja zaidi kwa ajili ya chuma, lakini damu ya mtoto hulipa.

Jikoni nako yapo ya kufanya. Mboga mbichi, nyanya, limau, chungwa au pera vikiliwa pamoja na maharagwe husaidia chuma kupita. Chai ikinywewa wakati huo huo hukizuia, hivyo ni heri isubiri. Kipande kidogo cha samaki au nyama, kikipatikana, husaidia kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Na mtoto aliyedhoofika apelekwe kituo cha afya, maana haragwe haliponyi malaria wala haliui minyoo.

Wataalamu nao wana deni. Mbegu yenye chuma kingi lakini isiyoiva upesi, au isiyokuwa na rangi inayopendwa, itakataliwa na mwanamke anayebeba kuni mgongoni, naye atakuwa na haki. Urithi wa kuiva upesi nao umo katika chembe za haragwe, sawasawa na urithi wa chuma. Kazi ni kuviunganisha viwili hivyo katika punje moja, na kuifikisha Ibanda.

Mvua za mwezi Machi zitakapokaribia, mama wa bonde la Mubuku ataketi tena na ungo wake. Ataendelea kutupa punje zilizotobolewa na kuchagua zilizo nene, kama alivyofundishwa, na hakuna sababu ya kumkataza. Tunachomwomba ni kuongeza swali moja juu ya yale aliyoyazoea. Baada ya kutazama rangi na ukubwa, aulize pia: mbegu hii inaitwaje, na ilitoka kwa nani?